Biashara ya mtandao: Tuulize kwanza fedha inatoka kwa nani

JE, biashara ya mtandao, ile ya mtu kuingiza wenzake chini yake nao waingize wengine chini yao, ni njia halali ya kujipatia kipato? Swali hili limeulizwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na kila kizazi cha vijana wanaotafuta kazi huliuliza upya.

Leo tunapenda kulijadili tukiwatazama zaidi ndugu zetu wa mwambao wa kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, Ibo na Quissanga. Tunawatazama wao kwa sababu huko jibu lisilo sahihi linaweza kumgharimu mtu kile kidogo alichobakiwa nacho.

Historia ya karibuni ya mwambao huo inajulikana. Oktoba 5, 2017 wapiganaji wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Katika miaka hiyo karibu watu milioni moja walilazimika kuyahama makazi yao. Waliorejea wengi wao walianza upya: nyumba bila paa, shamba limeota msitu, na mvuvi hana chombo wala nyavu.

Wakati huohuo eneo hilo limebeba matumaini makubwa. Gesi asilia iligunduliwa katika bonde la Ruvuma, baharini, mwaka 2010. Familia zilizohamishwa kupisha mradi wa Afungi zililipwa fidia na kujengewa kijiji kipya cha Quitunda. Mradi huo ulisimamishwa Aprili 2021 kwa sababu ya vita, na Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kuondoa zuio hilo.

Tukiyaweka pamoja, tunapata picha hii: watu waliopoteza mtaji, vijana wasio na ajira, fedha za fidia na vibarua zinazopita mkononi mara moja bila kurudi tena, na simu inayoweza kupokea na kutuma fedha kwa dakika moja. Hakuna udongo unaomfaa zaidi mtu mwenye ahadi za utajiri wa haraka.

Hata hivyo ni lazima tuwe waadilifu. Hatusemi kwamba kila anayefika na sabuni, dawa ya meno au vipodozi kwenye mkoba ni tapeli. Kutembeza bidhaa nyumba kwa nyumba ni kazi ya heshima na ya zamani katika pwani yetu. Akina mama wametembeza kanga, vitenge na udi kabla neno "mtandao" halijasikika.

Biashara ya mtandao imeongeza jambo moja tu juu ya hilo. Muuzaji halipwi kwa alichouza yeye peke yake. Hulipwa pia kamisheni kwa mauzo ya watu aliowaingiza, na ya wale walioingizwa na hao. Kwa yenyewe hilo si kosa. Hata msimamizi wa duka hulipwa kwa jasho la wauzaji walio chini yake.

Sheria za dunia zimelitazama jambo hili kwa namna tofauti. Nchini Marekani, mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara iliamua kuwa kampuni ya Amway haikuwa piramidi haramu, miongoni mwa sababu ikiwa ni kwamba iliwataka wauzaji wake wauze kwa wateja halisi, na ilikubali kuzinunua tena bidhaa zisizouzika. Lakini katika uamuzi huohuo tume iliiamuru iache kutia chumvi kuhusu kipato ambacho muuzaji angekipata.

China ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 ilipiga marufuku biashara yote ya aina hiyo, na mwaka 2005 ikaruhusu mauzo ya moja kwa moja kwa leseni tu, huku malipo ya ngazi kwa ngazi yakiendelea kukatazwa.

Kwa mantiki hiyo, jibu letu kwa swali la leo ni hili: uhalali hautegemei jina la kampuni, wala uzuri wa bidhaa, wala suti ya msemaji. Unategemea fedha inatoka kwa nani. Ikiwa inatoka kwa mteja aliyenunua sabuni ili afulie, hiyo ni biashara. Ikiwa inatoka kwa mwanachama mpya aliyelipa kiingilio, au aliyelazimika kununua mzigo ili afuzu kupata kamisheni, hiyo ni piramidi, hata kama kuna sabuni mezani.

Na piramidi haishindwi kwa bahati mbaya. Inashindwa kwa hesabu. Tuseme mwanzilishi anaingiza watu 6, na kila mmoja wao anaingiza 6. Ngazi ya pili itakuwa na watu 36, ya tatu 216, ya nne 1,296, ya tano 7,776, ya sita 46,656, ya saba 279,936 na ya nane 1,679,616. Ngazi ya tisa itahitaji zaidi ya watu milioni 10.

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu takriban milioni 2.3 katika mkoa mzima wa Cabo Delgado, vikongwe na watoto wachanga wakiwemo. Maana yake ni kwamba ngazi ya tisa haiwezi kujaa hata kama kila binadamu wa mkoa huo angekubali kujiunga. Na popote mnyororo utakapokatikia, katika kila watu 6 waliojiunga, 5 watakuwa ngazi ya chini kabisa, hawana mtu chini yao wa kuwarudishia fedha. Bidii haiwezi kubadili hesabu hiyo. Anayeambiwa "hukufanikiwa kwa sababu hukujituma" anadanganywa mara ya pili.

Kwa wanaodhani haya ni nadharia, Afrika Mashariki ina mifano mingi. Tanzania haijasahau DECI. Wanachama walitoa fedha zao wakiita "kupanda mbegu", wakasubiri "kuvuna", na waliovuna mapema wakawa matangazo yanayotembea. Serikali iliposimamisha shughuli hizo mwaka 2009, foleni za waliopanda bila kuvuna zilikuwa ndefu. Agosti 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake wanne kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Kutoka kufungwa hadi hukumu ilipita zaidi ya miaka minne, na mwenye ada ya mtoto ya kulipa hana miaka minne ya kusubiri.

Kenya nayo ilipata kipigo chake mwaka 2006 na 2007. Kikosi kazi cha serikali kilichochunguza mipango hiyo kilibaini kuwa Wakenya wapatao 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Mwaka 2025 polisi wa Tanzania waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na LBL, mpango ambao wanachama wake walilipa kiingilio ili walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu.

Kwa wasomaji wa Msumbiji upo mfano mwingine uliozungumza Kireno. TelexFree ilivuma nchini Brazil kwa kudai inauza huduma ya simu za intaneti. Juni 2013 mahakama ya jimbo la Acre iliizuia kuingiza wanachama wapya, na Aprili 2014 ikaanguka Marekani kwenyewe, baada ya kuwanasa takriban watu milioni moja duniani. Mamlaka ya mitaji ya Marekani ilieleza kuwa mauzo halisi ya huduma hiyo ya simu hayakufikia hata asilimia 1 ya fedha ambazo wanachama walikuwa wameahidiwa. Bidhaa ilikuwepo kweli. Lakini ilikuwa pazia.

Utaona kuwa mipango yote hii inafanana kwa jambo moja: haikuanza na wageni. Ilianza na shemeji, jirani, mwalimu wa watoto, mwenzako wa ibada. Mgeni huwezi kumpa akiba yako, lakini binamu yako aliyekuhifadhi ulipokimbia vita utamkatalia vipi? Ndiyo maana tunasema mtaji mkubwa wa biashara hii ni udugu wenyewe kuliko kiingilio. Inaugeuza udugu kuwa orodha ya wateja.

Katika mwambao wa Cabo Delgado udugu ndio benki iliyobaki. Watu walipokimbilia Pemba, Metuge na kwingineko, wengi walipokelewa na jamaa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zimejaa. Chakula kiligawanywa, mikeka ikatandikwa uani. Mtu aliyepoteza metikali 3,000 anaweza kuzitafuta tena. Aliyeingiza wajomba na dada zake wote, wakapoteza, amepoteza mlango wa kubisha siku ya shida. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa methali hiyo inatimia neno kwa neno.

Tunajua zipo hoja za upande wa pili, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wapo waliofanikiwa. Ni kweli wapo. Katika kila piramidi walio juu hulipwa, na lazima walipwe, kwa sababu bila wao kuonekana hakuna atakayeingia. Gari la aliyetangulia halithibitishi kwamba biashara ni nzuri. Linaonyesha tu fedha za waliofuata zilikokwenda.

Hoja ya pili ni kwamba kampuni fulani ina usajili na inalipa kodi. Usajili wa kampuni ni ruhusa ya kuwa na jina. Si ruhusa ya kupokea amana za watu na kuwaahidi faida. Nchini Msumbiji sheria namba 20 ya mwaka 2020 imewaachia kazi hiyo walioidhinishwa na Benki Kuu ya nchi hiyo, na Tanzania nayo ina masharti kama hayo chini ya Benki Kuu yake. Cheti kilichotundikwa ukutani kisomwe kinasema nini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: "Hakuna kazi. Mnataka tufanye nini?" Hatuwezi kuipuuza. Tunakataa pia ile kauli ya kuwacheka waliotapeliwa kwamba waliponzwa na tamaa. Mjane anayetafuta ada ya mtoto hana tamaa; ana shida. Lakini ni kwa sababu ya shida hiyo tunasema fedha yake ya mwisho isiwekwe mahali ambapo watano kati ya sita hupoteza.

Hata kwa kampuni zinazofuata sheria, kipato chake hakifanani na kinachosimuliwa ukumbini. Mwaka 2024 watendaji wa Tume ya Biashara ya Marekani walichambua taarifa za kipato za kampuni 70 za biashara ya mtandao. Katika nyingi ya taarifa hizo, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, na mara nyingi hesabu hiyo haikutoa gharama. Huko ni Marekani, kwenye barabara nzuri na wateja wenye mishahara.

Sasa mpigie hesabu muuzaji wa Palma. Mzigo lazima ufike kutoka mbali kwa nauli kubwa, katika njia ambayo usalama wake umekuwa wa mashaka. Wateja wake ni wavuvi na wakulima wa mihogo ambao fedha yao huja kwa msimu. Dawa ya meno ya bei ya Ulaya atamuuzia nani, na mara ngapi? Matokeo yake ni kwamba mnunuzi mkubwa wa bidhaa anakuwa yeye mwenyewe, na anapochoka kununua, njia iliyobaki ni kutafuta mtu wa kuingiza. Ndivyo biashara halali inavyoteleza kuwa piramidi bila mtu kutangaza.

Lipo pia suala la vidonge na maji ya dawa yanayouzwa kwa madai ya kutibu kila kitu, kuanzia kisukari hadi shinikizo la damu. Mahali ambapo zahanati nyingi ziliharibiwa vitani, mgonjwa anayeacha dawa za hospitali kwa ushauri wa muuzaji anaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Neno "halali" kwa watu wa pwani lina maana mbili, ya serikali na ya dini. Kwa upande wa dini, mwaka 2004 Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliharamisha mfumo huu, kwa hoja kwamba lengo la mnunuzi huwa kamisheni na si bidhaa, hivyo ni fedha kwa fedha na ndani yake mna kamari. Wapo wanazuoni wengine wanaotazama kila kampuni peke yake. Kwa upande wa kanisa, somo limo katika DECI, ambayo waliofikishwa kizimbani walikuwa wachungaji. Jina la Mungu likitajwa kwenye semina ya biashara, hesabu zikaguliwe mara mbili.

Tunapenda pia kulisafisha neno moja lililopakwa matope. Mahakama na polisi wa Tanzania huita piramidi "upatu", lakini upatu wa asili, ambao Msumbiji unajulikana zaidi kama xitique, ni jambo safi. Watu kumi wanaofahamiana hutoa kiasi sawa, mmoja hupokea, na mzunguko hukamilika kila mtu akiwa amepata alichotoa. Hakuna anayeahidiwa zaidi ya kilichochangwa. Hakuna haja ya mwanachama mpya ili wa zamani alipwe. Hapo ndipo tofauti ilipo, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa.

Pia vipo vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo mashirika, likiwemo Aga Khan Foundation, yamevisaidia katika mkoa wa Cabo Delgado tangu miaka ya 2000. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, mkopo hutolewa kwa anayejulikana, na faida hugawanywa mwisho wa mzunguko. Faida yake ni ndogo na haina semina hotelini. Lakini ndiyo hununua nyavu, cherehani na magunia ya dagaa wa kukaushwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa anayealikwa leo, tunashauri aulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Nikiuza bidhaa tu bila kuingiza mtu hata mmoja, nitapata faida? Watu wasio wanachama wanainunua bidhaa hii kwa bei hii? Nikishindwa kuuza, mtaichukua na kunirudishia fedha, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Na wanachama wa kawaida, si nyota wenu, walipata kiasi gani mwaka jana baada ya gharama? Mwenye biashara ya kweli atajibu. Atakayesema "wewe una mawazo hasi" au "nafasi zinaisha usiku huu" ameshajibu pia.

Kwa upande wa mamlaka, ni rai yetu kwamba onyo litolewe kabla ya maafa. Tangazo la Kireno kwenye gazeti la Maputo halimfikii mama wa Quionga. Litolewe kwa Kimwani, Kiswahili, Kimakonde na Kimakua, kwenye redio za jamii, sokoni, misikitini na makanisani, na hasa mahali panapolipwa fidia, siku ileile fedha inapotoka. Kampuni au serikali inayolipa fidia bila kumpa mlipwaji hata saa moja ya mafunzo ya kuilinda imefanya nusu ya kazi.

Aidha, kwa kuwa ahadi hizi huvuka mto Ruvuma kwa urahisi kuliko mzigo wa mihogo, Benki Kuu na polisi wa Msumbiji na Tanzania wana kila sababu ya kupashana habari. Mpango uliofungwa Mtwara usipewe nafasi ya kufungua ofisi Palma mwezi unaofuata kwa jina jingine. Na fedha zinapozuiwa, kesi ziende haraka ili waathirika warudishiwe walau sehemu.

Wanaodhani tunakuza mambo waikumbuke Albania. Mwaka 1997 piramidi zilipoanguka nchini humo, watu waliopoteza akiba zao waliingia mitaani, maghala ya silaha yakavunjwa, na takriban watu 2,000 wakapoteza maisha. Mkoa ambao umeshaona bunduki na ambao vijana wake wana manung'uniko ya kutosha hauhitaji sababu nyingine ya hasira.

Sisi tunasema biashara ya mtandao inaweza kuwa halali pale tu mteja wa kweli anaponunua kitu cha kweli kwa bei ya haki, na hata hapo ni kazi ngumu yenye kipato kidogo kwa walio wengi. Inapoishi kwa viingilio, si biashara. Watu wa mwambao wa Cabo Delgado wameporwa vya kutosha na wenye silaha. Wasiporwe tena na wenye tabasamu.